Maelezo ya Mwosha

Kiganja cha kushoto cha Nasra hakikutaka kufunguka. Rehema alikwisha kuosha kichwa, shingo na ubavu wa kulia. Maji ya uvuguvugu yalishuka taratibu kutoka kwenye kata aliyoishika Aisha, mdogo wake marehemu, na pazia la khanga nne lilipepea kidogo kwa upepo uliotoka kwenye misonobari. Mkono ule tu ndio uliomkatalia. Vidole vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyeshika kitu, akaambiwa akiachie, akasema hapana. Rehema hakulazimisha. Katika miaka ishirini na sita ya kazi hii alikuwa amejifunza kwamba maiti habishani na mtu. Ukimwendea polepole, anakupa. Akaukanda mkono tangu kwenye kiwiko, akamimina maji, akaukanda tena, mpaka kidole gumba kikalegea, kisha cha shahada, kisha vingine.

Katikati ya kiganja palikuwa na kidonda. Hakikuwa na damu. Kilikuwa kishimo kidogo cha rangi ya majivu, ukubwa wa punje ya hindi, kingo zake zimeinuka na kukakamaa, na ngozi iliyokizunguka imekuwa nyeupe kama iliyolowekwa. Rehema akauinua mguu wa kulia. Chini ya unyayo, karibu na kisigino, palikuwa na kingine kama kile.

Alama hizo alikwisha kuziona mara moja, miaka tisa nyuma, kwa mwanamke wa bondeni aliyeukanyaga waya wa umeme uliodondoka baada ya mvua. Macho ya mwosha hayasahau. Midomo yake ndiyo iliyofundishwa kusahau.

"Aisha," alisema bila kugeuka, "nenda kaniletee kafuri."

"Kafuri hii hapa, mama."

"Hiyo haitoshi. Nenda."

Aisha alipoinua pazia na kutoka, Rehema aliweka pamba kiganjani, akavirudisha vidole kimoja kimoja mahali vilipokuwa, akauweka mkono juu ya kifua cha marehemu na kuweka wa kulia juu yake. Msichana aliporudi, palikuwa pamebaki kazi ya kufunga sanda tu.

Sanda yenyewe ilikuwa imeletwa na Mzee Hashimu. Ndiye pia aliyemleta Nasra mwenyewe, saa tatu asubuhi, amelazwa kwenye gari lake la kubebea karoti, juu ya magunia mapya. Mzee Hashimu alikuwa na banda la kuoshea karoti chini ya kijiji, pale barabara ya kwenda Mlalo inapokata kona na kuuvuka mto. Karoti za wakulima wa matuta yote ya juu zilipita humo, zikazungushwa ndani ya pipa kubwa la chuma, zikapigwa maji ya pampu, zikatoka ziking'aa tayari kwa safari ya Dar es Salaam. Nasra ndiye aliyekuwa akishika mpira wa maji. Mzee Hashimu alisema binti alianguka kifafa, ghafla, mbele ya wenzake kumi na mmoja, na akafa kabla hajainuliwa. Alisema huku analia, na machozi yalikuwa ya kweli. Mtendaji wa kijiji akaandika kibali cha mazishi juu ya bega la mtu, akajaza kifafa pale palipouliza sababu. Polisi hawakuitwa, nani angewaita? Kwa familia ya Kiislamu kijijini, heshima ya maiti ni kuwahi kumstiri, na hadi alasiri Nasra alikuwa chini ya udongo mwekundu, mvua nyepesi ikimgongea kwa juu.

Baada ya maziko Rehema alipanda kwake peke yake.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho mlimani, mahali ambapo ukungu hufika kwanza na kuondoka mwisho. Alikuwa na matuta matatu ya viazi, miti miwili ya plamu na mbuzi mmoja aliyempa jina la Bibi Afya kwa sababu alimtazama mtu kana kwamba anataka kumchoma sindano. Mume alimwacha zamani, akiwa mzima wa afya. Alisema hawezi kulishwa na mikono ile. Watu wengine hawakusema, ila walionyesha. Kwenye arusi walimpokea kwa vigelegele na kumketisha pembeni. Akipika maandazi na kupeleka kwa jirani, yalipokelewa kwa shukrani ndefu, na kesho yake aliwaona kuku wa jirani wakiyadonoa. Walimpenda kama wanavyolipenda jeneza la msikiti: likihitajika lisikosekane, lisipohitajika lisionekane.

Hakuwa na kinyongo. Kazi hii alirithishwa na shangazi yake, mwanamke mfupi, mkali, aliyemfundisha mambo mengi ya maji na pamba, na jambo moja kubwa kuliko yote. Ukiinua pazia kutoka, alimwambia, macho yako yaache ndani. Kovu la siri, mimba isiyotajwa, alama ya kipigo cha mume: yote hayo Rehema aliyaona na yote aliyaacha ndani. Ndiyo maana akina mama wa kijiji kizima, hata wale waliowapa kuku maandazi yake, waliwausia watoto wao, nikifa anioshe Rehema. Alijua siri za wanawake mia moja na kitu, na hapakuwa na hata mmoja aliye hai wa kuzungumza naye jioni.

Siku ya ishirini na mbili baada ya maziko, Halima alipanda mlima. Halima ndiye mama yake Nasra, mjane, mwanamke aliyekuwa mnene mwezi uliopita. Alifuatana na mwalimu Tobia, mstaafu wa shule ya misheni, ambaye siku hizi alikuwa msaidizi wa kisheria na alitembea na mkoba uliojaa fomu.

"Shikamoo mwalimu," alisema Rehema.

"Marahaba, Bi Rehema. Hiki kigoda chako kimechongwa kwa ajili ya kuku?" Mwalimu alijikunja akakaa, magoti yakamfika kifuani. "Haya. Niinueni wakati wa kuondoka."

Halima hakucheka. Rehema akaleta chai ya mchaichai, na mwalimu akaeleza. Sheria, alisema, kwanza inauliza nani amsemee marehemu. Hapo walikuwa wameanza vizuri: ukoo umekaa, muhtasari umeandikwa, Halima amependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi kwa niaba ya Issa, mtoto wa Nasra wa miaka minne, na mahakama ya mwanzo imekwisha kubandika tangazo.

"Lakini ukishaupata usimamizi, utasimamia nini?" Mwalimu alitoa karatasi mkobani. "Tazama cheti cha kifo. Kifafa. Mtu aliyekufa kwa kifafa hana aliyemkosea. Mtoto wake hana wa kumdai."

"Hakuwa na kifafa," alisema Halima. "Alizimia mara moja tu maisha yake yote, darasa la tano, mwezi wa Ramadhani, kwa njaa."

"Najua, dada yangu. Nilikuwa mwalimu wa zamu. Ila cheti hakinijui mimi wala Ramadhani."

"Na wale wenzake wa bandani?" aliuliza Rehema. Sauti yake ilitoka kavu.

"Wote walikuwa wametazama upande wa pili. Watu kumi na mmoja, wote kwa mpigo." Mwalimu akakunja karatasi. "Kwa hiyo zimebaki njia mbili. Hakimu aamuru kaburi lifukuliwe, daktari aangalie. Au apatikane mtu aliyeuona mwili."

Halima aliweka kikombe chini. "Sitaki mwanangu afukuliwe, dada Rehema. Nikifikiria jembe linavyogonga ubao, napoteza akili. Wewe ndiye wa mwisho kumwona. Mimi nilishindwa kuingia, unajua. Niambie uliona nini."

Mbuzi alikohoa nyuma ya nyumba. Rehema aliyatazama mapaja yake, mahali mikono yake ilipolala, na akaisikia sauti ya shangazi waziwazi kuliko sauti ya mgeni aliye mbele yake.

"Nilimwona mtoto amelala," alisema. "Msafi. Hana doa."

Halima aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Basi," alisema. "Basi." Akakiinua kikombe chake akanywa chai yote mpaka kwenye majani, taratibu, bila kujikaza. Hapakuwa na mtu aliyewahi kumaliza chai katika nyumba ile. Walipokwisha kuondoka, Rehema alikishika kile kikombe kitupu muda mrefu, na hakujua kama ni heshima aliyopewa au ni adhabu.

Habari ilishuka mlima kabla ya wageni. Ijumaa Sheikh Zuberi, imamu wa msikiti, alisimama kwenye njia ya mashambani akamsubiri. Alikuwa mzee wa miaka sabini, mpole, msafi, aliyetembea juu ya mazulia mapya ya msikiti ambayo kila mtu alijua nani aliyaleta.

"Nimesikia umeulizwa," alisema baada ya salamu.

"Nimeulizwa, sheikh."

"Ukajibu kama mwosha."

"Nilijibu."

"Mungu akusitiri kama ulivyositiri." Akaanza kuondoka, kisha akageuka kama aliyekumbuka jambo dogo. "Mzee Hashimu anakusalimu sana."

Salamu ile ndiyo iliyomnyima raha. Katika miaka yote, Mzee Hashimu hakuwahi kumsalimu hata walipokutana uso kwa uso sokoni. Mtu anamsalimuje mwosha kwa jambo ambalo hakuambiwa kwamba mwosha analijua? Rehema aliendelea kupalilia viazi na fikra zikiendelea kumpalilia yeye. Alichofundishwa ni kuficha aibu ya maiti. Kovu ni la maiti. Mimba ni ya maiti. Lakini kishimo kile cha majivu kilikuwa aibu ya nani? Nasra hakuja nacho duniani. Kuna mtu aliyemwekea mkononi, na yeye Rehema, kwa pamba na vidole vyake, alimfungia mtu huyo siri yake ndani ya kiganja cha mtoto wa watu.

Alijibu swali hilo moyoni na bado hakufanya kitu. Woga ukizoea kuitwa adabu, hautoki upesi.

Jumatatu iliyofuata, baridi ikiwa bado imelala juu ya nyasi, Rehema alimwona Aisha anateremka njia ya mto. Alikuwa amevaa sweta la shule ya sekondari aliyoimaliza mwaka jana, na mabuti ya mpira yaliyomzidi namba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unakwenda wapi na mabuti ya dada yako?"

"Bandani. Mzee Hashimu amenipa nafasi ya Nasra." Aisha alisema kwa aibu iliyochanganyika na fahari. "Kasema ni haki yetu, familia isikose mtu wa kuleta mkate."

"Nafasi ipi?"

"Ileile. Ya kushika mpira."

Rehema aliliegemea jembe lake. "Na waya wa pampu, walishautengeneza?"

"Waya gani, mama?"

Swali la msichana lilikuwa safi kabisa. Alikuwa ameshika kata, amemwagia maji mkono uleule, na hakujua, kwa sababu alitumwa kafuri ambayo haikuhitajika.

"Leo usiende," alisema Rehema.

"Jamani, mama! Ukimwambia mtu asiende kazini, mwambie na pa kwenda kula." Akacheka, akaaga kwa adabu, akaendelea kuteremka, mabuti yakipiga kwap, kwap, kwenye tope.

Rehema aliliacha jembe palepale tutani. Alimfuata. Hakuwa na mpango. Alikuwa na miguu tu, na miguu ilikwenda. Alifika bandani pampu ikiwa imekwisha kuanza kunguruma. Sakafu nzima ilikuwa maji. Pipa lilikuwa likizunguka, karoti zikigongana ndani yake, na kutoka kwenye swichi ya ukutani ulishuka waya mweusi uliofungwa nailoni ya mfuko wa mbolea mahali patatu, ukapita kando ya bomba, ukaingia kwenye pampu. Aisha alikuwa ameinama kuokota mpira.

"Usiushike," alisema Rehema.

Msimamizi wa banda, kijana mmoja mwenye kofia ya sufu, alimtazama kuanzia miguuni. "Mama Rehema, umekosea mlango. Hapa hakuna maiti."

Watu walicheka, wote kumi na mmoja.

"Alikuwepo," alisema Rehema. "Zima huo mtambo."

Kulikuwa na kitu katika sauti yake, na kijana alizima. Yakabaki matone tu yakidondoka kutoka kwenye pipa. Rehema alimtazama Aisha peke yake, kwa sababu kama angewatazama wengine angeshindwa.

"Dada yako hakuanguka kifafa, mwanangu. Ameuawa na umeme. Kiganja cha kushoto kina tundu, na unyayo wa kulia una tundu. Niliviona nikavifunika. Nilikutuma kafuri ili usivione."

Hakuna aliyecheka tena. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa kitenge. Aisha aliuangalia mpira uliokuwa karibu na buti lake, akarudi nyuma hatua moja, nyingine, hadi mgongo ukagusa ukuta. Rehema alitoka nje. Basi dogo la kwenda Lushoto lilikuwa likikata kona. Alilipungia mkono uliojaa tope.

Kwenye kituo cha polisi alipokewa na afande Evelina, mpelelezi mwenye umri wa kuweza kuwa binti yake, aliyeandika haraka na kuuliza polepole. Ukubwa gani? Rangi gani? Mkono upi? Nani mwingine aliona? Rehema alijibu yote. Ilikuwa ajabu kusikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwake. Yalikuwa kama vyombo vya watu anavyovitoa nyumbani kwao mchana kweupe.

"Kwa nini hukusema siku ile?" aliuliza afande.

"Mwosha hasemi."

"Na leo?"

"Leo nimesema."

Afande aliinua kalamu, akamtazama, akaandika hivyohivyo. Kisha akamsomea maelezo yote tangu mwanzo, na Rehema akaweka sahihi yake ya herufi kubwa. Alipoinuka, afande akamwambia jambo ambalo hakulitarajia: maelezo peke yake hayatoshi. Wakili wa upande wa pili atauliza mwosha alisomea wapi udaktari. Sasa kuna sababu ya kumwomba hakimu amri ya kufukua.

"Mama yake hataki kaburi liguswe," alisema Rehema. "Ndiyo maana nimekuja. Nimesema ili lisiguswe."

"Nakuelewa, mama. Lakini ndivyo ilivyo."

Alirudi alasiri, akaenda moja kwa moja kwa Halima. Halima alikuwa jikoni anamenya viazi. Aisha alikuwa amekwisha kumwambia. Ilionekana katika namna alivyokishika kisu. Issa alikuwa ameketi mlangoni akichezea maganda.

"Nilikudanganya," alisema Rehema. "Uliniuliza kwa heshima, nami nikakudanganya usoni. Nisamehe."

Halima aliendelea kumenya. Ganda lilitoka refu, bila kukatika. "Watamfukua?"

"Wamesema hivyo."

"Ungesema siku ileile, kabla ya kumfunga, daktari angemwona palepale juu ya kitanda. Asingefukuliwa."

"Ndiyo."

"Mimi nilikunywa chai yako, Rehema." Hakumwita dada. "Niliinywa yote."

Rehema alisubiri. Alisimama pale mpaka viazi vikaisha kwenye beseni, kisha akaondoka, na mtoto akampungia mkono kama anavyowapungia watu wote.

Kaburi lilifunguliwa siku ya hamsini na moja, kwa amri ya hakimu, asubuhi yenye ukungu mzito hata watu walioalikwa walionekana kama wameazimwa kwa saa moja tu. Rehema aliomba awe ndani ya turubai lililozungushiwa kaburi, akaruhusiwa. Ubao ulipoinuliwa alishuka mwenyewe. Hatasimulia alichokiona, hayo yalikuwa ya maiti, na aliyaacha huko. Daktari alifanya kazi yake kwa upole, akakata, akaweka kwenye vichupa, akaandika vibandiko. Alipomaliza alivua glavu na kusema, si kwa kumlenga mtu, kwamba udongo huu hauna subira, kwamba pengine maabara itaona na pengine haitaona. Majibu yangekuja. Hakusema lini. Rehema alimfunga Nasra sanda ya pili, ambayo safari hii aliinunua yeye, na alipotoka nje Halima alikuwa amesimama mbali, amewapa kisogo.

Mzee Hashimu alikuwa amekwisha kubadilisha nyaya zote. Zilikuwa mpya, za rangi, zimepigiliwa ukutani kwa mstari ulionyooka, na afande alizipiga picha hivyohivyo. Wiki hiyohiyo akalifunga banda, akasema hawezi kufanya kazi na watu wanaomwita muuaji. Karoti zikaanza kuozea mashambani. Wakulima hawakumlaani mwenye waya. Walimlaani aliyeutaja.

Kisha akafariki bibi mmoja wa kitongoji cha kati, ambaye kwa miaka kumi alikuwa akimwambia Rehema, wewe ndiye mwoshaji wangu, usije ukanitangulia. Rehema alisikia habari, akaoga, akavaa khanga safi, akaketi mlangoni asubiri kuitwa. Adhuhuri ikapita. Aliona pikipiki inapanda barabara, nyuma yake mwanamke mgeni amepakata mfuko wa pamba. Walikuwa wamemtoa mwosha kijiji cha pili. Hapo ndipo alipojua kwamba hata ule upweke wake wa zamani ulikuwa na mlango, na kwamba mlango huo nao umefungwa. Zamani walimkwepa wakiwa hai tu.

Ijumaa ya wiki iliyofuata aliitwa barazani kwa sheikh, baada ya swala. Walikuwepo wazee wawili, Mzee Hashimu kwenye kiti chenye mto, na kwenye mkeka wa wanawake, Halima na Aisha. Rehema aliwasalimu wote, akakaa ukingoni mwa mkeka. Kati yake na Halima palibaki nafasi ya kutosha mtu wa tatu.

Sheikh Zuberi alianza mbali, kwa sifa. Alitaja miaka ishirini na sita. Alitaja mama zake mwenyewe waliopita kwenye mikono ile. Kisha akatoa karatasi iliyopigwa chapa.

"Hakuna anayekuita mwongo," alisema. "Umri, mvuke wa maji machoni, huzuni. Binadamu hughafilika. Karatasi inasema umeghafilika, basi, na kwamba unaomba radhi kwa kijiji. Unatia sahihi, inapelekwa Lushoto, banda linafunguliwa Jumatatu. Nawe unarudi kwenye kazi yako."

"Na kesi?" aliuliza Rehema.

"Kesi itategemea hayo majibu ya maabara. Yakija na kitu, ni kadari. Yasipokuja na kitu, yameisha."

Alielewa vizuri. Endapo vichupa vitakaa kimya, katika dunia nzima kutakuwa na kitu kimoja tu kinachosema Nasra hakuanguka kifafa, nacho ni sahihi yake ya herufi kubwa ndani ya faili. Mwalimu Tobia alikwisha kumweleza: Halima amepewa usimamizi, madai ya mtoto yameandikwa, na chini ya hayo yote limewekwa jiwe moja, maelezo yake.

"Nisiposaini?"

Sheikh alimjibu kwa sauti ya chini, karibu ya huruma, na pengine ilikuwa huruma kweli. "Bi Rehema, huna mtoto. Huna mume. Siku yako ikifika, nani atakuosha wewe?"

Swali liliingia mpaka mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufika. Aliiona nyumba yake ya mwisho mlimani, mlango umefungwa kwa ndani, ukungu umekuja na haukuondoka, siku mbili, siku tatu, mbuzi akilia. Aliiona mikono ya mgeni aliyekodiwa, yenye haraka. Akageuka akamtazama Halima. Hakutaka kutetewa, alitaka tu kutazamwa. Halima alikuwa amekazia macho ukili wa mkeka, midomo imebanwa. Ni Aisha aliyeinua uso, akamwangalia moja kwa moja, macho makavu, viganja vyake vyote viwili vizima vikiwa magotini. Hakusogea.

Rehema aliichukua karatasi, akaisoma yote, mstari kwa mstari, kidole kikimwongoza, huku wanaume wakisubiri. Kisha akairudisha mkekani na kuisukuma mbele ya sheikh.

"Hapa pameandikwa nimeghafilika," alisema. "Sikughafilika. Niliona, nikaficha, nikadanganya, kisha nikasema. Kwa ule uongo nimekwisha kuomba msamaha kwa mwenyewe, naye hakunipa, na ni haki yake. Haya mengine hayana deni."

"Neno moja tu, Bi Rehema." Mzee Hashimu aliinama mbele, na kwa mara ya kwanza maishani mwao alimtaja kwa jina. "Si lazima karatasi. Sema tu kwa mdomo, tuwe watu wa kijiji kimoja. Neno moja la kututuliza."

"Siombi radhi," alisema Rehema.